Mwandishi wa Katuba aliyekwama sura ya tisa

SWALI: Jambo sana Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, naishi Katuba, nina miaka 27. Tangu mwaka jana naandika riwaya ya Kiswahili juu ya kijana anayeacha nyumba ya wazazi kwenda kuchimba kobalti Kolwezi. Kuna juma naamka nikijiona mwandishi kamili. Juma linalofuata nataka kuchoma kaye zote, yaani madaftari ninamoandikia. Sura ya tisa imenishinda kwa miezi. Niliwatumia wachapishaji watatu sura za mwanzo. Wawili wako kimya. Wa tatu anasema kitabu ni kizuri, anataka dola 1,200 ili akitoe, na mimi nitapewa nakala 50. Marafiki wanasema niandike Kifaransa. Nyumbani wanauliza kitabu kitaleta nini. Niendelee? Nimlipe? Niache ualimu nipate muda? Na baba akijitambua ndani ya kitabu itakuwaje? Nakutumia sura nane, na ukurasa mmoja niliojaribu kwa Kifaransa.

JIBU: Mwanangu, jambo. Sura zako nane nimezisoma zote, pamoja na ile nusu ya sura ya tisa uliyoibandika mwishoni bila kuitaja. Nitaanza na pesa kwa sababu ndiyo yenye haraka. Usilipe.

Tupige hesabu. Dola 1,200 kwa nakala 50 ni dola 24 kila nakala, kabla hujauza hata moja. Ili urudishe pesa yako tu, bila faida ya senti moja, itabidi uwapate watu 50 walio tayari kutoa dola 24 kwa riwaya ya kwanza ya mwalimu wasiyemjua. Wewe unaishi Katuba, unajua dola 24 ni siku ngapi za unga. Sasa nenda mjini kwa wale wachapaji wanaotoa mialiko ya harusi na vijitabu vya misa. Riwaya ya kurasa 200 yenye ukubwa wa A5 inakula karatasi 50 za A4, maana kila karatasi inabeba kurasa nne. Nakala 100 ni karatasi 5,000, yaani rimu 10. Ongeza wino, majalada ya rangi na gundi ya mgongo. Uliza bei ya kila kitu, jumlisha, kisha weka jumla hiyo pembeni ya zile dola 1,200. Ifanye hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu, kabla hujaongea naye tena.

Simwiti mwizi. Kutoa kitabu kwa gharama ya mwandishi, *compte d'auteur* kama wanavyosema wenyewe, ni biashara halali, na nimewaona watu wazima wakiifanya kwa akili timamu: profesa mwenye darasa zima litakalonunua, pasta mwenye kanisa. Hao wanajua nakala zitakwenda wapi. Wewe bado hujui. Mchapishaji anayestahili jina hilo anaweka pesa yake mwenyewe katika kuhariri, kuchapa na kusambaza, halafu anakupa sehemu yako, ambayo kwa riwaya mara nyingi ni karibu asilimia 10 ya bei, pengine pungufu. Kitabu kisipouzwa, yeye ndiye anayelia. Aliyekwisha kupokea pesa yako hana cha kulia.

Na lile neno lake kwamba kitabu ni kizuri, nimetafuta kwenye ujumbe wake alioutuma, ule ulioninakilia, kama ametaja mtu yeyote wa kitabu. Hakutaja. Hakumtaja mama wa kijana, hakutaja viatu vya baba, hakusema hata kama kijana anakwenda Kolwezi au Kinshasa. Aliyekisoma angetaja kitu kimoja angalau, hata kwa kukilaumu.

Siku ukipewa mkataba na yeyote yule, tazama mambo machache: unakabidhi haki gani, kwa lugha zipi, kwa miaka mingapi, na nini kinatokea nakala zikiisha na yeye hataki kuchapa tena. Sheria yetu ya haki za waandishi, Ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inaiweka kazi mikononi mwa aliyeiandika. Lakini sahihi yako inaweza kuitoa mikononi hapo kwa dakika moja. Ukikuta maneno «haki zote, lugha zote, nchi zote», bila kikomo cha miaka, rudisha kalamu mfukoni na uombe muda.

Wale wawili walio kimya waache. Ukimya wa mchapishaji mara nyingi maana yake hakuna aliyefungua faili. Baada ya miezi sita andika mara moja kwa adabu, kisha endelea na wengine.

Sasa tuje kwenye kupanda na kushuka, maana huko ndiko barua yako inakolia hasa, hata kama umejificha nyuma ya dola.

Unasema kuna juma la mwandishi kamili na juma la kuchoma kaye, kana kwamba ni mvua na kiangazi vinakujia kutoka mbinguni. Lakini wewe ni mwalimu, na kwa tabia ya walimu umeweka tarehe chini ya kila sura. Nimezifuatisha. Sura ya kwanza hadi ya saba zimekwenda mwendo mmoja, kila moja juma mbili au tatu. Sura ya nane imekaa muda mrefu kuliko tatu za kabla yake zikijumlishwa. Ya tisa haina tarehe kwa sababu haina mwisho. Na kutokana na unavyoeleza mwenyewe, majuma mabaya yalianza wakati huohuo. Kwa hiyo huzuni hii ina anwani. Tuitembelee.

Sura ya nane inafanya nini? Kijana anapanda lori asubuhi kwenda Kolwezi. Anamwacha mama yake mlangoni. Basi. Kuanzia hapo mama hayumo tena, na kitabu kinakata pumzi.

Nikuoneshe kwa nini. Hiki ni kipande chako cha sura ya tatu, sijagusa herufi:

«Baba alivua viatu mlangoni. Mama alivitazama viatu kabla ya kumtazama usoni. Vilikuwa na vumbi. Siku ya pesa baba hupitia kwa wapaka dawa pale sokoni, na viatu hufika vinang'aa kabla yake. Mama alirudisha samaki mmoja ndani ya sufuria ya kesho. "Bukari inaisha kupola," akasema, "nawa mikono."»

Mwanangu, watu wanatafuta ukurasa kama huu miaka kumi. Hakuna aliyesema «umaskini». Hakuna aliyelia. Mwanamke anasoma viatu kama wewe unavyosoma gazeti, anaamua chakula cha siku mbili kwa mkono mmoja, na mumewe hatajua kamwe kwamba amehukumiwa na kusamehewa kabla ya kuketi. Na pale anaposema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi kwamba ugali umekwisha kupoa, ndani ya masimulizi yaliyoandikwa sanifu, sauti yake inatoka kwenye karatasi.

Hiki nacho ni cha sura ya tisa:

«Kolwezi ilikuwa mji wa tamaa na mateso. Wachimbaji walishuka mashimoni bila kujali hatari, wakitafuta utajiri ambao wengine waliufaidi. Moyo wake ulijaa huzuni kubwa isiyoelezeka.»

Maneno matatu ya mwisho yamejisaliti yenyewe: kama haielezeki, mwandishi kaja kufanya nini? Lakini tatizo ni kubwa kuliko maneno. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kila mwandishi wa habari aliyepata viza amekwisha kuja kupiga picha mashimo yale. Anayefungua kitabu chako anayajua mashimo kabla hujaandika. Asichokijua ni sufuria ya kesho. Kwa sura saba kijana wako alikuwa macho tu, na macho yale yalikuwa yanamtazama mama. Ulipoyapandisha kwenye lori, yalikwenda mahali ambapo huna la kuyaonesha, na wewe ukaanza kuandika kama ripoti ya shirika.

Ndiyo sababu unataka kuchoma kaye. Mkono wako umetambua kabla ya akili. Wewe umeisikia kama huzuni, ukaipa majina makubwa, kwamba huna kipaji, kwamba umechelewa, kwamba waandishi wa kweli ni wengine. Mimi naisikia kama kengele ya ukurasa fulani. Karibu kila muswada wa kwanza unaopita mezani kwangu hukwama kati ya theluthi na nusu, na karibu kila mwandishi huniandikia wakati huo kuniuliza kama aache. Mwanzo wa riwaya unasukumwa na lile wazo lililokuamsha usiku. Mwisho utasukumwa na yaliyokwisha kutokea. Katikati hakuna anayesukuma; lazima uamue, na kila uamuzi unafunga milango mingine mitano. Huo ndio uzito unaousikia.

Dawa ya hapa siyo ngumu, ingawa ni ya kazi nyingi. Kolwezi iko kama kilomita 300 kutoka Lubumbashi. Simu inafika. M-Pesa inafika. Mama aliyesoma viatu atashindwaje kusoma ujumbe wa pesa? Juma la kwanza mwanawe anatuma kiasi kamili, namba nzima, na yeye anajua: amekopa, mtu hapati namba nzima kwa kuchimba. Juma la tatu inaingia namba yenye mikia, na hapo anatulia, hiyo ni pesa ya mkono wake. Halafu anatuma mara mbili kwa siku moja. Mama hafurahi. Anavaa kitenge cha kutokea, anakwenda kumwuliza jirani ambaye ana mtoto kulekule. Umeona? Hatujashuka shimoni hata mara moja na msomaji ameanza kuogopa. Kolwezi yote inaweza kuingia kwenye kitabu kupitia simu ile yenye kioo kilichopasuka uliyoitaja sura ya pili ukaisahau.

Sikuamuru uandike hivyo hasa. Nakuonesha tu kwamba njia ipo na kwamba vifaa vyake viko tayari nyumbani kwako.

Umeniuliza juu ya kushuka tu, lakini na kupanda nako nina neno. Sura ya nne, ile ya mjomba anayehutubia kurasa nne juu ya nchi, urithi na damu ya mababu, uliiandika ukiwa na furaha kubwa. Nimejuaje? Hakuna hata mstari mmoja uliofutwa, na chini umeandika tarehe kwa wino mwekundu. Ndiyo sura mbaya kuliko zote. Mjomba huyo si mtu, ni redio. Juma lile la mwandishi kamili ulikuwa unasikiliza sauti yako mwenyewe, na ilikuwa tamu kwelikweli. Kwa hiyo usichome kitu juma la huzuni, na usimtumie mtu yeyote kitu juma la furaha. Acha ukurasa ulale, urudi siku ambayo huna hisia yoyote ya pekee, umetoka kazini, miguu inauma, umeshakula. Macho ya siku hiyo ndiyo ya kuaminika.

Kuhusu muda: usiache ualimu. Hapo sitakaa sana. Valentin-Yves Mudimbe, mtoto wa Likasi, aliandika riwaya zake za kwanza miaka ya 1970 huku akifundisha chuo kikuu hapahapa Lubumbashi. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobel mwaka 2021, alifundisha chuo kikuu Uingereza hadi alipostaafu. Alizaliwa mwaka 1948 na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Wewe una miaka 27 na unajiona umechelewa. Mshahara wa mwalimu ni mdogo na unachelewa, najua, lakini riwaya haijalipa kodi ya nyumba ya mtu yeyote ninayemjua katika mji huu.

Unachohitaji ni maneno 300 kwa siku, siku tano kwa juma. Ni ukurasa mmoja wa kaye, mwandiko wa kawaida. Juma 40 za namna hiyo ni maneno 60,000, na riwaya ya Kiswahili ya maneno 60,000 ni nene, kwa sababu neno letu moja linabeba kiima, wakati na mtendwa kwa pamoja. Andika kabla ya kusahihisha kazi za watoto, maana baada ya madaftari 50 kichwa chako kitakuwa kimejaa sentensi za darasa la tatu. Umeme ukikatwa andika kwa mkono. Kaye haina betri. Jumamosi ichape ulichoandika, hata kwa simu, ujitumie kwa barua pepe. Nimeona machozi ya mtu mzima aliyepoteza muswada mzima kwenye fleshi moja iliyofuliwa na suruali. Hili la barua pepe lifanye leo, kabla ya kumaliza kunisoma.

Lugha. Marafiki wanaokuambia uandike Kifaransa hawajakosa sababu. Wachapishaji wengi wa Kongo wanafanya kazi kwa Kifaransa, na mlango wa Paris na Brussels unafunguka kwa Kifaransa. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1981, alitoa *Tram 83* Paris mwaka 2014, kwa Kifaransa, nacho kikapata tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015. Ndani yake yumo mwandishi aitwaye Lucien anayehangaika na maandishi yake katika mji wa migodi. Kisome, utacheka na utajiona. Kwa hiyo simkatazi mtu Kifaransa.

Wewe nakukataza. Nimesoma ukurasa ule uliojaribu. Kifaransa chako hakina kosa hata moja la sarufi, na mama yako ndani yake anazungumza kama mkaguzi wa shule. Anamwambia mumewe chakula «kimeanza kupoteza joto lake». Mwanamke yule hajawahi kusema hivyo tangu azaliwe. Samaki amebaki, sufuria imebaki, mtu ametoroka.

Tena katika mji huu huanzi wewe. Mwaka 1965 André Yav, kwa ajili ya chama cha watu waliowahi kuwa maboi wa Wazungu, aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha hapahapa na kuiita *Vocabulaire ya Ville de Elisabethville*, kwa jina la zamani la Lubumbashi. Haikupitia kwa mchapishaji. Ilipigwa mashine, ikatolewa nakala, ikazunguka. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na hadi leo anayetaka kujua wafanyakazi wa mji huu waliuona vipi utawala wa Wabelgiji lazima apitie kwa Yav. Hakuandika Kiswahili sanifu. Aliandika kama alivyosema.

Hapo ndipo unapouliza, bila kuuliza, ni Kiswahili kipi. Endelea kama ulivyoanza: masimulizi kwa sanifu, watu waseme kama wanavyosema Katuba. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atajikwaa mara mbili kwenye «inaisha kupola», mara ya tatu ameshajifunza. Lakini uwe thabiti. Sura ya pili mama anasema «niko nakuya», sura ya sita anasema «ninakuja» kama mtangazaji, na hakuna kilichotokea katikati kumbadilisha. Chagua, kisha pitia mazungumzo yote kwa sauti, mhusika mmoja mmoja. Ukifika Tanzania au Kenya na muswada huo, mhariri wa huko atataka kusafisha. Mkubalie kwenye masimulizi. Kwenye midomo ya watu pigania.

Na soko la lugha hii linapanuka, polepole. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, na nje kuna tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa bado. Fedha zake hugawanywa kwa washindi wa tanzu mbalimbali. Masharti yasome mwaka utakaotuma, si ya mwaka uliopita. Kwa sababu hiyohiyo usimwage kitabu kizima kwenye makundi ya WhatsApp. Kilichokwisha kusambazwa kinaweza kuhesabiwa kuwa kimechapishwa, na hapo utabishana na watu usiowajua.

Sura moja moja, hata hivyo, watu wasikie. Nimesema wasikie. Katika nyua zetu wanaosikiliza ni wengi kuliko wanaosoma, na riwaya yako ina maneno ya kusikilizwa. Rekodi sura ya tatu kwa simu, wape watu watano ambao hawana sababu ya kukupenda: fundi cherehani, mwalimu mwenzako wa hesabu, mama muuza sombe, yale majani ya muhogo. Usiwaulize kama ni nzuri, watasema ni nzuri. Waulize baada ya siku mbili wanakumbuka nini. Wakikumbuka viatu na hakuna anayemkumbuka mjomba, umepata jibu juu ya sura ya nne bila mimi.

Nyumbani wanauliza kitabu kitaleta nini. Wajibu kweli, hesabu haina aibu. Kitabu cha dola 10, kwa asilimia 10, ni dola moja mkononi mwako kwa kila nakala. Kikiuzwa nakala 300, ambazo kwa riwaya ya kwanza si haba, ni dola 300, kwa kazi ya miaka miwili au mitatu. Waambie hivyo mapema. Familia inavumilia mtu anayefanya jambo lisilo na pesa. Haivumilii mtu aliyeahidi pesa kila Krismasi. Wenzako wengine wanacheza mpira Jumapili jioni na hakuna anayewauliza mpira utaleta nini. Nawe jipatie saa zako bila kuomba msamaha, ila ukipangiwa zamu ya kuchota maji, chota.

Limebaki la baba. Ndiyo, atajitambua, hasa kwa vile umemwachia kazi yake ya zamani katika kampuni ya migodi ya Gécamines, kikohozi chake, na hata ile miezi bila mshahara. Badilisha kazi. Mpe reli, mpe duka la vipuri. Kikohozi kiondoe kama hakifanyi kitu, na katika sura nane hakijafanya kitu. Viatu vibaki, maana viatu ni vya kila baba wa mtaa ule na hakuna atakayedai ni vyake peke yake. Lile la sura ya sita, ugomvi juu ya yule mwanamke wa Ruashi, hilo ni la wazazi wako hasa. Nimelijua kwa jinsi lilivyoandikwa kwa haraka, bila chumba, bila saa, bila mtu kushika kitu chochote mkononi. Kama unalihitaji, libunie ugomvi mwingine wa uzito uleule. Kama ni la kulipiza kisasi, litoe.

Jina la kubuni unaweza kutumia ukitaka; kazi iliyotoka kwa jina la kubuni nayo ina haki zake. Ila ujue Katuba haina siri. Kabla kitabu hakijafika sokoni, muuza sombe ambaye umemtumia sura ya tatu atakuwa ameshamwambia baba yako.

Nitumie sura ya nane mpya utakapoimaliza, mama akiwa ndani. Ya tisa sitaki kuiona kabla ya hapo.